Gari Ndizi la Enid Tranter

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Enid Tranter msimu ule wa baridi kilikuwa nyusi zake. Alikuwa nazo moja na nusu. Unyusi wa kulia ulikuwa mzima, mweupe na mnene. Wa kushoto ulianza vizuri karibu na pua, ukafika katikati ya jicho, ukakatika kama njia iliyoishia mtoni. Kipande kilichopotea alikichora mwenyewe kila asubuhi kwa penseli ya wanja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haraka, siku nyingine mchoro ulipanda juu mno, akaonekana kama anayemuuliza kila anayekutana naye, "Kwa hiyo?" Muuza nyama wa pale kona alikiri kwamba mara mbili alimtolea mafuta kwenye nyama bila kuambiwa, kwa kuliogopa jicho lile.

Hakuficha kilichompata. "Niliinua kinyago cha kuchomelea mapema, cheche ikanibusu," aliwaambia wanawake wenzake kanisani, akacheka peke yake. Mwanamke wa miaka sitini, mstaafu, mama wa binti aliyekwisha kuolewa, anachomelea vyuma katika banda la gari nyuma ya nyumba! Coventry ni mji wa vyuma wa Uingereza na umeona mengi, lakini wanawake wale waliona kwamba hilo moja lingeweza kuachwa.

Bandani mle kulikuwa na gari: MGB ya mwaka 1964, nyekundu, ya viti viwili na paa la turubai la kukunja. Enid alilinunua mwenyewe alipokuwa na miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka kumi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani katika kiwanda cha viti, akishona ngozi za viti vya magari ya namna ile, kiti baada ya kiti, na kila kiti kiliondoka kwenda kukaliwa na mtu mwingine. Siku alipolipata lake alipiga magoti barabarani, akafunua ukingo wa kiti cha dereva, akatafuta ndani yake uzi wa bluu ambao washonaji wa meza yake walikuwa wakiuficha kama sahihi. Hakuuona. "Haidhuru," akasema. "Kimeshonwa na meza ya kina Mavis. Nitakivumilia."

Aliliendesha miaka mitatu. Kisha akazaliwa Gillian, na gari la viti viwili halina mahali pa mtoto. Likasukumwa bandani kwa muda mfupi tu, likafunikwa blanketi. Muda huo mfupi ukafika miaka ishirini na minne. Juu ya blanketi yakapandwa maboksi, baiskeli, mapambo ya Krismasi na mashine ya kukatia majani. Chini yake kutu ilikula kimyakimya, siku zote saba za wiki, maana kutu haina Jumapili.

Wa kulikumbuka gari hilo kabla ya Enid mwenyewe alikuwa shemeji yake, Clive, mdogo wa mume wake. Clive alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya aina hiyo katika wilaya nzima. Alikuwa nayo matatu. Alivaa beji ya chama hata kwenye koti la mazishini, na ukimwonyesha skrubu moja iliyodondoka sakafuni angekuambia imetoka wapi, ilibadilishwa mwaka gani, na kwa nini ile ya zamani ilikuwa bora zaidi. Jumapili moja ya Oktoba 1993 alikuja kula chakula cha mchana, nyama ya kuoka na viazi, na alipokuwa akijimiminia mchuzi alisema:

"Shemeji, nimelifikiria lile gari lako. Jumamosi nakuja na trela, nalichukua."

"Unalipeleka wapi?"

"Kwangu. Gia boksi yake nzima, rimu za spoku bado zina uhai. Lile langu la bluu linahitaji viungo."

"Yaani unataka kulichinja."

"Limeshakufa, shemeji! Mimi ni kama daktari tu, nakuja kuchukua figo."

Wilf, mume wa Enid, alianza kucheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaona afadhali aendelee kutafuna.

"Gari hilo," alisema Enid, "nitalitengeneza mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi."

Clive akaweka chombo cha mchuzi chini kwa upole, kama mtu anayetaka kutoa habari ya msiba. "Usinikasirikie, shemeji yangu. Nakuheshimu. Lakini lile si pazia."

Miaka thelathini na kitu Enid alikuwa ameshona, na mara zote wanaume waliokuwa wakifunga boliti nne za kiti ndio walioitwa mafundi. Yeye aliyekishona kiti chenyewe aliitwa msichana wa cherehani. Alipangusa midomo.

"Jumapili ya kwanza ya Juni mna msafara wenu."

"Tunao. Mwaka wa ishirini sasa."

"Kutoka hapa hadi Stratford."

"Maili ishirini, na chakula tunapofika."

"Niandike jina. Saa tatu kamili asubuhi nitakuwa kwenye mstari, na nitafika Stratford kwa magurudumu yangu mwenyewe. Nisipofika, njoo na trela lako, chinja, chukua figo na maini. Sitasema neno."

"Wilf, umesikia?" Clive alimgeukia kaka yake. "Wewe ni shahidi."

"Mimi nakula," alisema Wilf.

Lakini alikuwa amesikia, na Enid alikuwa ameapa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumanne iliyofuata alijiandikisha chuo cha ufundi, darasa la jioni la kuchomelea. Vijana kumi na mmoja walikuwa wameketi mle wakiwa na ovaroli mpya. Mmoja wao alimwelekeza kwa adabu zote, "Bibi, darasa la keki liko chumba kinachofuata."

"Ahsante, mjukuu wangu. Ukifika huko waambie sitakuja."

Mwalimu aliitwa Harbhajan, Kalasinga mwenye ndevu za fedha zilizokunjwa vizuri, aliyefanya kazi ya kuyeyusha chuma nusu ya maisha yake kabla ya kuanza kufundisha. Alimuuliza Enid kama alivyowauliza wengine: kazi yako ilikuwa nini?

"Kushona viti vya magari, Mwalimu."

"Ngozi?"

"Ngozi na turubai."

"Basi nusu ya darasa unayo," alisema Harbhajan, na vijana wakaacha kutabasamu. "Fundi wa bati anafanya nini? Anakata kwa kielelezo, anashikiza, halafu anashona. Hawa wote wataniharibia bati mwezi mzima kwa sababu wanataka kushona kabla ya kushikiza."

Hivyo ndivyo Enid alivyojifunza. Vielelezo alivikata kutoka kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi, mpaka Wilf akalalamika kwamba anakula chakula chake kutoka kwenye bakuli la kuchanganyia keki kwa sababu boksi limekatwa kabla halijaisha. Alikata bati kwa kulifuata boksi, akalikunja, akalishikiza kwa vidoti vidogo vya moto, sentimita nne nne, ndipo akashona. Mwezi wa Desemba alipoteza nusu ya unyusi. Mwezi wa Januari mishono yake ilikuwa imenyooka kuliko ya vijana wote kumi na mmoja, na yule wa keki alikuwa akimletea kazi yake aitazame kabla ya kumpelekea mwalimu.

Kosa alilifanya Februari, na lilikuwa kosa la watu wa kwao.

Mabanda ya magari ya mitaa ile ni membamba. Yalijengwa kwa watu wenye kiasi, walioingiza gari na kutoka kwa ubavu. Ndani yake huwezi kufungua mlango wa gari mpaka mwisho. Enid, ili apate nafasi ya kupiga magoti na kuinua mkono, aling'oa milango yote miwili akaisimamisha ukutani. Akaliinua gari juu ya stendi nne, mbili mbele kabisa, mbili nyuma kabisa. Kisha akakata boksi refu la bati linalopita chini ya mlango wa kushoto, lile ambalo mafundi wanaliita kizingiti. Lilikuwa limeoza, likamegeka mkononi kama biskuti iliyolowa chai. Wiki sita alijenga jipya, tabaka ndani ya tabaka, na lilipokwisha alimwita Wilf alione.

Wilf alitoka jikoni na vikombe viwili. Hakujua lolote la vyuma, alikuwa mpiga chapa, lakini kilichonyooka alikijua akikiona. "Enid," alisema, "hii ni kazi."

"Nishikie mlango."

Wakaupachika mlango wa kushoto kwenye bawaba. Enid akausukuma ufunge. Haukufunga. Pembe ya juu ya nyuma iligonga mwili wa gari kwa sauti nyembamba, ting, kama kijiko kwenye kikombe. Akausukuma tena. Ting. Chini kulikuwa na nafasi ya kuingiza kidole. Juu hapakuwa na nafasi ya kupitisha karatasi.

Gari lisilo na paa linategemea vizingiti vyake kama mtu anavyoutegemea uti wa mgongo. Ukikata kimoja bila kulikaza kwanza, na ukawa umelishika kichwani na miguuni tu, kiuno kinalegea. Hulioni likilegea. Unaendelea kushona, unafurahi, na unalishonea uzuri wote huo likiwa limekaa vibaya.

Clive alisikia kabla ya siku mbili kupita. Wilf alikuwa hajui kuficha kitu. Clive alikuja na tochi na futi, akazunguka gari mara tatu akiguna. Alipomaliza uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyepewa chai ya tangawizi.

"Shemeji, hii tunaiita ndizi."

"Nini?"

"Ndizi. Gari likipinda katikati hivi, chamani tunasema limekuwa ndizi. Pole sana. Umechomelea vizuri, sikatai, vizuri kuliko mimi. Umeichomelea ndizi vizuri sana."

Neno hilo halikukaa bandani. Jumatano mtu mmoja wa chama alimpungia mkono Enid sokoni, "Vipi, ndizi imeiva?" Ijumaa muuza nyama, ambaye hakuwa hata na gari, alimuuliza habari za ndizi. Jumamosi Clive alipiga simu kusema trela limetiwa upepo, na kwamba si lazima wangoje Juni, watu wazima wanaweza kukubali yaliyotokea.

"Njoo kula kesho," Enid alimjibu. "Mengine tutaongea."

Clive alikuja amechana nywele. Alikula nyama, akala viazi, akasema maneno mazuri juu ya unyenyekevu. Kisha Enid akaleta kitamutamu. Wilf na yeye mwenyewe walipata tofaa la kuoka kila mmoja. Mbele ya Clive aliweka bakuli la kupigia mayai, limejaa mpaka ukingoni ndizi zilizokatwakatwa na kumwagiwa kastadi ya moto.

"Kula, shemeji."

"Zote?"

"Zote. Ndizo ndizi pekee utakazozipata nyumbani kwangu."

Wilf alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Clive, kwa heshima yake, alikula karibu nusu.

Lakini mzaha haunyooshi gari. Jumatatu Enid aliingia bandani peke yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakitazama kile kizingiti. Kilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake. Alitafuta njia. Angeweza kukata ukingo wa mlango kidogo pale juu, akaujaza kwa pati, akapaka rangi, nani angejua? Wapo waliofanya hivyo na wakasafiri na chama miaka na miaka. Angeweza pia kuufunga mlango kwa nguvu, kama sanduku la nguo nyingi.

Kiwandani walikuwa na usemi mmoja ambao msimamizi wao wa kike alikuwa akiupiga kelele juu ya mngurumo wa cherehani: mshono ukienda upande haupigwi pasi, unafumuliwa. Kwenye ngozi kufumua ni jambo la kutisha, kwa sababu matundu ya sindano hayafutiki. Chuma kina huruma zaidi. Enid alivaa glavu, akawasha grenda, akakata kazi yake ya wiki sita kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Wilf alikuja mbio kwa sauti ile. Alisimama mlangoni, vumbi la chuma likimwangukia kwenye viatu vya nyumbani. "Mke wangu, una hakika?"

"Sina."

"Lakini unakata."

"Nakata."

Akafikiri. "Nikuletee chai?"

"Niletee. Na usimwambie mdogo wako."

Jumamosi Harbhajan alikuja mwenyewe, kwa basi, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia: chuma chenye skrubu nene katikati, ambacho ukikizungusha kinarefuka. Walikikingamisha katika uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma. Waliweka jeki chini ya kiuno cha gari, na kipande cha mbao juu ya jeki ili isitoboe. Harbhajan alizungusha skrubu robo mzunguko, akaacha.

"Tuendelee, Mwalimu."

"Leo basi."

"Robo tu?"

"Bibi Tranter, wewe ukitaka ngozi ivutike bila kuchanika unafanyaje?"

Ngozi huvutwa kidogo, ikalala, ikavutwa tena. Basi wiki mbili nzima gari lile lilinyooshwa hivyo, robo asubuhi, robo jioni, mlango ukiwa umepachikwa mahali pake muda wote. Kuhusu banda jembamba, Enid alilitatua kwa kutoa ubao mmoja ukutani ili kiwiko chake kipate kupita hadi banda la jirani, ambaye kwa bahati alikuwa mtu wa kulala mchana.

Chombo cha kupimia kilikuwa chake. Clive na wenzake hupima nafasi ya mlango kwa sarafu zilizopangwa. Enid alichukua chaki yake ya kushonea, ile bapa ya mafundi wa nguo, akaipitisha kuzunguka mlango uliofungwa. Ilipopita bila kugusa, sawa. Ilipobana iliacha alama nyeupe, na alama ikamwambia pa kurekebisha. Kila siku alama zilipungua. Tarehe tisa Aprili, saa nne asubuhi, chaki ilizunguka mlango wote wa kushoto ikatoka safi. Enid akaufungua, akauachia. Mlango ukajifunga wenyewe kwa sauti nene, fupi, ya kuridhika, na yeye akakaa chini sakafuni pale pale, akaufungua tena ili ausikie mara ya pili.

Hapo ndipo aliposhikiza kizingiti kipya, mlango ukiwa umefungwa, jeki ikiwa chini, chuma cha Harbhajan kikiwa kimekaza. Akashona kipande hapa, kipande kule, akiacha chuma kipoe, asiruhusu joto livute upande mmoja. Kisha akahamia kulia akafanya vilevile.

Clive alipokuja kuona, alifungua mlango wa kushoto na kuufunga mara saba.

"Bahati," alisema mwishoni.

"Zunguka upande wa kulia, shemeji. Bahati ilipita na huko."

Hata hivyo wiki zile sita zilizofumuliwa hazikurudi. Rangi ilipulizwa Mei, nyekundu ileile. Injini ilikubali Mei tarehe kumi na nane: ilikohoa, ikatapika kupitia bomba la moshi kiota kizima cha panya kilichofumwa kwa nyuzi za mapambo ya Krismasi, kisha ikanguruma mpaka Wilf akaziba masikio akicheka. Kabureta mbili zikasafishwa, breki zikafumuliwa zikapangwa upya. Ilipofika wiki ya mwisho, Enid aliangalia saa na kalenda, akajua kwamba kitu kimoja hakitawahi. Hakitawahi kitu anachokijua kuliko vyote. Turubai la paa lilikuwa limekunjwa juu ya meza ya cherehani, limekatwa, halijashonwa.

"Shona hilo, uache mengine," Wilf alimshauri.

"Mengine yakiachwa gari halitembei. Hili likiachwa ni mimi tu nitakayelowa."

Alhamisi, tarehe pili Juni, alilipeleka kwenye ukaguzi, maana bila cheti cha mkaguzi gari la mwaka ule halikuruhusiwa barabarani. Bwana Pugh, mkaguzi, alikuwa Mwelsi mfupi asiyependa kuongeleshwa. Aliliinua gari juu, akaingia chini yake na taa na nyundo ndogo. Enid aliambiwa angoje nyuma ya kioo. Alisikia nyundo ikigonga: tok, tok, tok, upande wa kulia. Ikanyamaza. Tok, tok, upande wa kushoto, taratibu, ikirudi nyuma, ikirudia. Dakika ishirini na tano. Enid alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili kama usukani.

Bwana Pugh alitokea akijifuta mikono.

"Nani kakuchomelea vizingiti?"

"Mimi."

"Namuuliza fundi."

"Nami nakujibu."

Akamtazama, na zaidi ya yote akautazama ule unyusi, ambao siku hiyo ulikuwa umechorwa kwa haraka. "Bwana Clive Tranter alinipigia simu juzi," alisema. "Akaniambia nikiletewa nyekundu ya sitini na nne, nitazame vizuri, ni ndizi."

"Na wewe?"

"Nimetazama vizuri." Akachukua kalamu. "Jina lako kamili, mama, niandike kwenye cheti."

Jumapili palikucha na mawingu. Kufikia saa mbili na nusu magari thelathini na mawili yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kwenye uwanja wa maegesho, boneti zikimetameta, watu wakinywa chai kutoka kwenye chupa, wakijadili skrubu. La Enid lilikuwa la thelathini na mbili, mwisho kabisa, mahali alipopangiwa na mwenyekiti. Tone la kwanza lilianguka kwenye kioo chake. La pili likaanguka kwenye pua yake. Kando yake, moja baada ya jingine, mapaa ya turubai yakaanza kuinuliwa kama miavuli ya watu walio na akili timamu, na mstari mzima ukawa na vichwa vyeusi, isipokuwa mwisho.

Clive alikuja kwa miguu, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni. Na kwa mara ya kwanza hakuwa akitabasamu.

"Shemeji, huna paa."

"Nimeona."

"Utalowa."

"Ngozi yangu mimi haiingii maji. Kanuni za chama zinasemaje?"

Clive alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hasemi uongo juu ya kanuni. "Hazisemi kitu," alikiri. "Lakini si paa tu. Magari haya yanaogopa maji kuliko paka. Tone moja likiingia kwenye distributa, plagi zinakosa umeme, moto unakatika. Utazimika kabla ya Kenilworth. Sitaki kukuvuta na trela mbele za watu, Enid. Kweli sitaki."

"Fungua boneti," alisema Enid.

"Ya nini?"

"Fungua tu, baba. Wewe si daktari?"

Clive alifungua. Aliinama, akabaki ameinama. Juu ya distributa palikuwa pamevishwa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ya njano, imekazwa shingoni kwa lastiki ya sketi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekatwa, na katika kila kidole ulipita waya mmoja: minne ya plagi, na wa tano, kwenye dole gumba, wa koili. Maji yalikuwa tayari yakiteleza juu ya mpira na kudondokea chini. Clive aliugusa waya wa kidole cha shahada, kisha wa cha kati. Alikuwa mtu wa kanuni na namba za skrubu, na glavu ile haikuwa na namba katika kitabu chochote.

"Nani kakufundisha hii?"

"Nimeosha vyombo miaka arobaini, Clive. Unadhani nilikuwa nafikiria nini?"

Akafunga boneti polepole, kwa viganja viwili, akaondoka kwenda kwenye gari lake.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Alikuwa Wilf, ambaye tangu Oktoba alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atafuata kwa basi. Alikuwa amevaa koti la kuvulia samaki na kofia ya sufu, mkononi chupa ya chai. Aliketi, maji yakachuruzika chini yake kwenye kiti.

"Kimelowa," alisema.

"Funga mlango."

Mlango ukafunga kwa ile sauti yake nene. Mvua sasa ilikuwa mvua kweli. Enid akavuta leso kichwani, akafunga fundo chini ya kidevu, akageuza ufunguo. Stata ikalia mara moja, mara mbili, injini ikashika, ikatulia, na moshi mweupe ukapanda nyuma yao. Mbele huko, karibu na geti, katibu wa chama alikuwa amesimama juu ya kreti, bendera ya miraba imelowa ikimng'ang'ania mkononi, macho kwenye saa. Magari thelathini na moja yalikuwa yakinguruma. Kioo cha mbele kilijaa maji, vifutio vikayasukuma kando, kikajaa tena.

"Saa tatu kasoro dakika mbili," alisema Wilf.

Enid akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akainua shingo juu ya kioo, mvua ikimpiga usoni, ili aione bendera itakapoanguka.